Wiki kumi na moja na nyaya za pikipiki ya mwaka 1978

Ilizimikia kwenye kona. Nilikuwa nakata kushoto, usiku, mwendo wa kawaida tu, mara taa kubwa, dashibodi na injini vikakatika kwa pamoja. Usukani uliponyooka vyote vikarudi. Nikasimama pembeni, nikaanza kuzungusha usukani taratibu huku na huku, na kila ulipokaribia mwisho wa kushoto, giza. Nikashukuru kwamba nyuma yangu hakukuwa na gari. Nyumbani nilifika kwa kuchagua njia isiyo na kona kali za kushoto, moyo ukinidunda mwanzo hadi mwisho.

Pikipiki yenyewe ni ya mwaka 1978, silinda mbili, cc 400, koili mbili za kutengeneza cheche za plagi, platini mbili (swichi ndogo zinazofunga na kukata umeme wa koili), umeme wa volti 12. Mimi ni mmiliki wake wa nne, kama si wa tano. Kila aliyenitangulia aliacha alama yake kwenye nyaya. Nilipong'oa tangi na kiti siku iliyofuata nilikuta honi imeungwa kwa waya wa spika, swichi ya taa za ziada ambazo zenyewe hazikuwepo tena, na viungo vilivyosokotwa kwa vidole na kufungwa utepe mweusi ambao gundi yake ilishayeyuka ikageuka ute. Kwenye shingo ya fremu, pale fungu la nyaya linapopinda kwenda mbele, waya mwekundu mnene ulikuwa umekatika ndani kwa ndani. Plastiki yake ilikuwa nzima, ila ndani shaba ilikuwa inagusana kwa bahati tu.

Hilo moja lingerekebishwa kwa nusu saa. Lakini nilipochuna sentimita mbili za waya wa jirani nikaona shaba nyeusi kama mkaa. Nikachuna tena mbele, nyeusi. Nikachuna sentimita kumi zaidi, bado nyeusi. Shaba ikishaingiwa na unyevu na hewa hutengeneza kutu yake ndani ya plastiki, na kutu hiyo husafiri mbali na mahali ilipoanzia. Waya wa namna hiyo haushiki risasi ya kulehemu, haubaniki vizuri kwenye kichwa cha kuungia, na hupoteza volti njiani. Hapo nikaamua: natoa fungu zima, naweka jipya, na nikiwa hapo hapo narahisisha kila kinachorahisishika. Nilijipa wikendi mbili. Zilikuwa wiki kumi na moja, na matumizi yalifika karibu mara tatu ya nilichopanga. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ilikuwa kurudia kazi niliyoifanya vibaya na kununua upya vitu nilivyoviharibu mwenyewe.

Kosa la kwanza nililifanya siku ile ile, kwa hamasa. Nilichukua mkasi nikakata. Fungu lilikuwa limepita nyuma ya sahani ya betri kwa namna ambayo isingetoka bila kufungua bolti sita, nami nikaona kuna faida gani kufungua bolti sita kwa kitu kinachokwenda kutupwa. Nilipiga picha nne tu kabla ya kukata, tatu kati ya hizo zina kivuli changu mwenyewe. Jioni nikawa nimeshika rundo la nyaya sakafuni, ncha zinaning'inia, na sijui ipi ilitoka wapi.

Nilijiambia rangi zitanisaidia, na kweli zilisaidia, lakini si kama nilivyodhani. Kila kiwanda kina desturi yake. Kwenye Honda waya wa kijani ndio hasi. Kwenye Yamaha hasi ni mweusi. Suzuki hutumia mweusi wenye mstari mweupe. Pikipiki nyingi za zamani za Uingereza zenyewe zina chanya ndiyo iliyofungwa kwenye fremu, kwa hiyo mtu akifika na mazoea ya za Kijapani anaweza kuunguza vitu kabla hajamaliza kikombe cha chai. Na juu ya hayo, wamiliki waliotangulia walikuwa wameunga bluu kwenye kahawia, kahawia kwenye nyekundu, kulingana na waya uliokuwa karibu siku hiyo. Rangi iliyotoka kwenye swichi haikuwa ile iliyofika kwenye taa.

Ilibidi nikae na multimita, kifaa cha kupimia umeme, kwenye kipimo cha mlio kinacholia waya ukiwa mzima, ncha moja huku, nyingine kule, nikizifuata moja moja. Jioni tatu ziliishia hapo. Ningefanya kinyume, yaani kupima, kuchora na kubandika namba kwenye kila ncha wakati fungu bado liko kwenye pikipiki, ingekuwa kazi ya mchana mmoja. Ukichukua jambo moja kutoka hapa, basi usikate waya hata mmoja kabla hujaandika kwenye karatasi unatoka wapi, unakwenda wapi, na unafanya kazi gani. Hilo la tatu ndilo lililonigharimu zaidi, nitalifikia.

Kuna mzee mmoja fundi umeme wa magari, amestaafu, ambaye nilikuwa nampigia simu nikikwama. Mara ya kwanza nilimsalimu nikaanza moja kwa moja: "Mzee, nataka kupunguza nyaya, nibaki na zile za lazima tu."

"Za lazima ni zipi?"

Nikataja: taa, breki, honi, koili, kuchaji.

"Na zinazobaki zinafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia nimpigie tena nikishakuwa nalo. Hakuwa anakasirika, ndivyo alivyokuwa akifundisha wanagenzi wake siku zote, lakini nilikata simu nikiwa na aibu.

Basi nikarudi kuchora. Nilianza na kile ninachotaka pikipiki ifanye. Taa kubwa yenye fulu na dimu, taa ya nyuma, taa ya breki inayowashwa na breki zote mbili, indiketa nne, honi, stata, taa za nyutro, shinikizo la oili, fulu na indiketa kwenye dashibodi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo nilichokitoa. Naona watu wanang'oa indiketa na honi kwa jina la kurahisisha. Mimi naendesha usiku na kwenye msongamano, nataka aliye nyuma yangu ajue nakata wapi, na sheria za barabarani zinadai hivyo hivyo. Kilichotoka ni swichi zisizo na kazi, nyaya zilizokwenda kwenye vifaa visivyokuwepo, kifaa cha kukagua balbu ya nyuma kilichokwisha kufa, na viungo. Viungo hasa. Nilivihesabu kwenye fungu la zamani vikafika 61, vya kiwandani na vya mikono ya watu. Kwenye jipya viko 34. Kila kiungo ni mahali ambapo maji yataingia siku moja, kwa hiyo huko ndiko nilikopunguza.

Baada ya hapo nikapiga hesabu ya mzigo, na hii naisisitiza kwa sababu ndiyo inayokuambia ununue waya gani. Wati ukigawanya kwa volti unapata ampea. Balbu ya taa kubwa ya wati 60 kwenye volti 12 inavuta ampea 5. Koili zangu zina upinzani wa kama omu 4 kila moja, maana yake ampea 3 kwa kila koili platini zikiwa zimefunga. Balbu ya breki ya wati 21 inakaribia ampea 2. Indiketa mbili za upande mmoja ni ampea 3 na nusu zikiwaka. Ukiongeza honi na taa ya nyuma, na vyote vikawaka kwa wakati mmoja, unafika kama ampea 19. Kwa hiyo fyuzi kuu ya ampea 20, na waya mkuu wa milimita za mraba 2.5. Waya wa taa kubwa nikaweka 1.5, wa indiketa na dashibodi 0.75. Fyuzi ndogo nne zikagawana kazi: koili peke yake, taa kubwa peke yake, breki na honi pamoja, indiketa na dashibodi pamoja. Zamani kulikuwa na fyuzi moja kwa kila kitu, na ndiyo maana shoti ndogo ya balbu ya nyuma ingeweza kukuzimia injini katikati ya barabara.

Fyuzi inalinda waya. Nilikuwa nadhani inalinda taa au koili, hivyo nilikuwa tayari kuweka ya ampea 20 kwenye waya wa 0.75 ili "isisumbue". Kwenye shoti, waya ule ungeweza kuyeyuka, na uko sentimita chache chini ya tangi la petroli, wakati fyuzi bado nzima.

Waya nilinunua vibaya mara ya kwanza. Nilichukua rolo kubwa la waya mwekundu na dogo la mweusi, kwa sababu ilikuwa nafuu kununua rangi moja kwa wingi. Nikajenga nusu ya fungu kwa nyekundu tupu nikiamini namba nilizobandika zitatosha. Namba za karatasi zilianza kubanduka wiki ya pili. Nikavunja, nikanunua rangi saba za waya wa magari, ule wenye nyuzi nyingi nyembamba. Waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mgumu usiuguse kabisa kwa kazi hii: mtetemo wa injini utaukata.

Juu ya kulehemu au kubana, mafundi hubishana, na mimi nilianza upande wa kulehemu. Nililehemu kila kiungo, nikaona kazi safi inayong'aa. Wakati mwingine risasi hupanda ndani ya nyuzi za waya kama maji kwenye utambi, na pale inapoishia waya unakuwa mgumu upande mmoja na laini upande mwingine. Taa yangu ya nyuma, iliyofungwa kwenye kipande cha bati kinachotetemeka kuliko sehemu nyingine yoyote ya pikipiki, ilikatika hapo hapo kwenye mpaka huo baada ya safari chache tu za majaribio. Nikanunua koleo halisi la kubana vichwa, lile lenye meno yanayokunja jozi mbili za mabawa ya kichwa kuelekea ndani: jozi moja hubana shaba, ya pili hubana plastiki. Hiyo ya pili ndiyo inayobeba mtetemo. Koleo la bei ya chini linalogandamiza tu kama mtu anayefinya kopo nilikuwa nalo, nikaliweka kando. Na kila kichwa nilichobana nilikivuta kwa nguvu. Vilivyotoka mkononi vilikuwa vinne siku ya kwanza, kimoja siku ya pili, na baadaye hakuna.

Utepe wa gundi nao nikauacha. Nyaya nimezivalisha soksi ya kusuka inayoruhusu maji kutoka, na penye viungo nimeweka vimpira vinavyosinyaa kwa moto, vile vyenye gundi ndani.

Sasa hasi. Hapa ningeweza kuandika kurasa. Kila mtu anafikiria waya unaopeleka umeme kwenye taa, na kuurudisha wanaiachia fremu. Kwenye pikipiki yangu taa kubwa ilikuwa inarudisha umeme wake kupitia mabano yake, kwenda kwenye uma wa mbele, kupitia beringi za shingo ya usukani, ndipo ufike kwenye fremu. Beringi zilizojaa grisi! Umeme wa taa ulikuwa unavuka kwenye gololi zinazozunguka, na grisi haipitishi umeme. Ndiyo maana taa ilikuwa inafifia na kurudi kila nikipita kwenye mashimo, na miaka yote niliilaumu balbu.

Nimevuta waya wa hasi kutoka kila kifaa hadi sehemu moja, bolti moja kwenye fremu niliyoikwangua rangi hadi chuma kikaonekana, na kutoka hapo waya wa 2.5 unaenda kwenye betri. Kebo nene ya hasi ya stata inatoka kwenye betri na kufungwa moja kwa moja kwenye injini, kwa sababu injini nyingi zimekaa kwenye raba au zimepakwa rangi na hazigusani na fremu vizuri.

Ukitaka kujua kama hasi yako ni nzima, kuna kipimo rahisi ambacho nakifanya hadi leo. Washa taa kubwa. Weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye mguu hasi wa balbu, nyingine kwenye hasi ya betri. Isome chini ya 0.2. Yangu ya zamani ilisoma 0.7. Halafu fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka betri hadi balbu. Huko nilikuta volti nyingine karibu moja imepotea kwenye swichi ya funguo na swichi ya usukani. Balbu ilikuwa inapata 10.9 wakati betri ina 12.6. Mwanga wa balbu ya kawaida hushuka kwa kasi kuliko volti: ukipoteza sehemu ya kumi ya volti unapoteza karibu theluthi ya mwanga. Nikaweka rilei mbili ndogo, yaani swichi zinazoamshwa na umeme, ndani ya nyumba ya taa, moja ya fulu, moja ya dimu. Swichi ya zamani sasa inabeba umeme mdogo wa kuamsha rilei tu, na mzigo unapita kwenye waya mfupi kutoka kwenye fyuzi yake. Miguu ya rilei imeandikwa namba: 30 ni umeme unaoingia, 87 unaotoka, 85 na 86 ni za kuamsha. Nyaya ziliongezeka, ndiyo. Na taa iliwaka kama sijawahi kuiona.

Wiki ya sita nikafika kwenye lile jambo la tatu nililosema nitalifikia, la kujua kila kitu kinafanya kazi gani. Kwenye fungu la zamani kulikuwa na kidude kidogo cheusi, ukubwa wa kifundo cha kidole, chenye miguu, kimechomekwa karibu na rilei ya stata. Sikujua ni nini. Nilikuwa nimeandika inatoka wapi na inakwenda wapi, lakini pale pa "inafanya kazi gani" niliweka kistari tu. Nikakitoa, nikaunga waya moja kwa moja badala yake. Stata ilifanya kazi. Nikafurahi kwamba nimepunguza kitu kimoja.

Siku chache baadaye nilikuwa nimesimama kwenye mteremko mdogo, injini inanguruma, klachi nimeshika, taa ya kijani ya nyutro inawaka. Nikaachia klachi ili nipumzishe mkono. Pikipiki ikaruka mbele. Ilikuwa kwenye gia ya kwanza. Iliniponyoka, ikagonga ukuta kwa tairi la mbele, ikazima. Hakuna aliyeumia, lakini mbele yangu dakika moja kabla alikuwa amepita mtoto na baiskeli yake, na usiku huo sikulala vizuri.

Kidude kile kilikuwa diodi, kifaa kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Stata kwenye pikipiki ile inaruhusiwa kufanya kazi ikiwa iko nyutro, au ikiwa klachi imeshikwa, na njia hizo mbili za hasi hukutana mahali pamoja. Diodi inazuia hasi ya swichi ya klachi isirudi nyuma hadi kwenye taa ya nyutro. Nilipoweka waya mtupu mahali pake, kila niliposhika klachi taa ya nyutro ilipata hasi na kuwaka, niwe kwenye gia au nisiwe. Nilimpigia mzee.

"Mzee, nilitoa kitu bila kukijua."

Akanyamaza kidogo. "Umeumia?"

"Hapana."

"Haya. Rudisha kilichokuwepo, halafu keti uniambie kila ulichokitoa. Kimoja kimoja."

Tulikaa kwenye simu zaidi ya saa moja. Diodi niliyoweka ni ya kawaida, aina ya 1N4007, nafuu kuliko kitu kingine chochote nilichonunua kwa kazi hii.

Indiketa za LED zilinisumbua siku mbili tu, ila nilikuwa nimechoka hivyo nikaziona wiki. Flasha ya zamani, kifaa kinachozipepesa indiketa, hufanya kazi kwa joto, inahitaji mzigo wa balbu za wati 21 ili ipepese, na LED hazivuti vya kutosha. Nikabadilisha flasha kuwa ya kielektroniki, zikapepesa, lakini zote nne kwa pamoja, popote nilipowasha. Sababu ni ile balbu moja ya dashibodi iliyounganishwa katikati ya kulia na kushoto: umeme unapita ndani yake kwenda upande wa pili, na LED hutosheka na umeme mdogo huo. Diodi mbili zikamaliza, moja kutoka kila upande kwenda kwenye balbu ya dashibodi, na mguu wa pili wa balbu ukaenda hasi.

Kilichoniumiza mfukoni kilikuwa kuchaji. Alteneta yangu inatoa nyaya tatu za njano kwenda kwenye rigileta, kifaa kinachodhibiti volti ya kuchaji, na rigileta inarudisha mwekundu kwa betri, hasi yake, na waya mmoja mwembamba mweusi. Huo mweusi ni wa kunusa: rigileta inautumia kusoma volti ya pikipiki ili ijue izuie au iachie. Niliuchukulia kama waya wa kuiwasha rigileta tu, nikauunga mahali palipokuwa karibu, kwenye waya unaolisha taa ya nyuma baada ya swichi ya funguo.

Injini iliwaka, taa zilikuwa nzuri, nikaenda safari ya saa moja na nusu. Niliporudi nikasikia harufu ya mayai viza. Betri ilikuwa ya moto kiasi cha kushindwa kuweka kiganja, asidi imetoka kwenye mrija wa hewa ikatiririka kwenye fremu na mkono wa nyuma. Rangi mpya ikababuka usiku huo huo. Niliosha kwa maji na magadi hadi povu likaisha, nikiwa na miwani na glavu, milango wazi, maana betri inayochemka inatoa haidrojeni na cheche moja inatosha.

Nilipopata betri nyingine, kabla ya kwenda popote, nikawasha injini nikaipandisha hadi mizunguko 4,000 kwa dakika nikapima. Kwenye betri: volti 15.6. Kwenye waya wa kunusa: 14.3. Rigileta ilikuwa nzima kabisa na inafanya kazi yake. Iliona 14.3 ikaridhika, kumbe volti 1.3 zilikuwa zimepotea kwenye swichi ya funguo yenye shaba iliyoungua na kwenye waya ule unaobeba mizigo mingine. Betri ilikuwa inachajiwa kupita kiasi kwa sababu ya upotevu uliokuwa mahali pengine kabisa.

Huwezi kuunga waya wa kunusa moja kwa moja kwenye betri ukaondoka, kwa sababu utakuwa unakunywa betri polepole pikipiki ikiwa imeegeshwa. Nilifungua swichi ya funguo, nikasafisha mabati yake hadi yakang'aa, kisha nikaweka rilei kuu inayoamshwa na funguo na kuleta umeme wote moja kwa moja kutoka fyuzi kuu. Waya wa kunusa sasa uko peke yake kwenye mguu wa 87 wa rilei hiyo, haubebi mzigo mwingine wowote. Betri inasoma 14.2 kwa mizunguko 4,000, taa zikiwa zimewashwa. Kipimo hiki huchukua dakika tano. Betri yenye afya iliyopumzika isome kama 12.6 hadi 12.8, ikichajiwa iwe kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita 15, zima injini usiendelee hata mita moja.

Kwa wanaokaribia kuwasha fungu jipya kwa mara ya kwanza, mbinu niliyopewa na mzee iliniokoa mara mbili. Usiweke fyuzi kuu. Mahali pake weka balbu ya indiketa ya wati 21 kwa nyaya mbili. Zima kila kitu, unganisha betri, hasi iwe ya mwisho, kisha washa kifaa kimoja kimoja. Balbu isipowaka au ikiwaka hafifu kwa kifaa kidogo, endelea. Ikiwaka kwa mwanga wake wote wakati huna mzigo mkubwa, una shoti, na balbu imeibeba badala ya waya wako. Kwangu iliwaka kwa nguvu nilipobonyeza breki ya nyuma: nilikuwa nimebana waya chini ya bolti ya kiti. Mara ya pili ilikuwa nilipozungusha usukani kulia. Baada ya hapo niliacha nafasi ya ziada kwenye shingo, nyaya zipite kwa upinde mpana, nikazungusha usukani mwisho hadi mwisho mara hamsini injini ikiwa inanguruma, nikisikiliza kama sauti inabadilika. Haikubadilika.

Kwenye kona ile nilipita wiki iliyopita, usiku, nikakata kushoto na mwanga ukabaki barabarani. Mchoro nimeuchora upya kwa wino, rangi halisi za waya, nikauweka kwenye mfuko wa plastiki chini ya kiti kwa ajili ya atakayekuja baada yangu. Taa ya shinikizo la oili bado inachelewa sekunde mbili tatu kuzima asubuhi. Nimepima waya wake, ni mzima, kwa hiyo Jumamosi nafungua swichi yenyewe kwenye injini, na kabla ya hapo naazima geji ya kupima shinikizo halisi, nisije nikalaumu swichi kwa jambo ambalo ni la oili.